Mkeka unaokua kila siku: jibu kwa wasanii watano wa Unguja

"Mwalimu, shikamoo. Sisi ni wasanii watano wa Unguja: wachoraji wawili, mpiga picha mmoja na wasukaji wawili wa mikeka, mmoja wao ni mama yangu mdogo. Tumepewa chumba cha chini katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, urefu mita 9 na upana kama mita 2.8, kwa wiki 6 kuanzia katikati ya Machi. Hatutaki kutundika picha zikae tu. Tunataka mkeka mmoja uanzie kwenye kona na kila mgeni aongeze ukili wake, na ukutani kila mtu aandike jina la kanga analolitaka, kwa kalamu ya wino mzito, moja kwa moja kwenye chokaa. Tulijaribu mwaka jana mahali pengine kwa siku 4. Siku ya ufunguzi ukuta ulijaa, siku tatu zilizobaki watu wakawa wanaingia, wanatazama, wanatoka. Wengine wanatuambia tuwaache watu huru, wengine wanasema tukiwaacha huru tutatukanwa. Mwenye nyumba naye ana wasiwasi na kuta zake. Tufanye nini ili kitu hiki kikue kweli kwa wiki 6, kisife siku ya kwanza?"

Marahaba, ndugu yangu. Nifikishie salamu zangu kwa mama yako mdogo, maana katika jibu hili nitamhitaji yeye kuliko ninavyowahitaji nyinyi wengine.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Mnaogopa chumba kujaa mapema, mnaogopa watu kuandika ya aibu, na mwenye nyumba anaogopa kuta zake kuharibika. Nianze na hofu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo mzizi. Ukuta wenu wa mwaka jana haukufa kwa sababu wageni wa siku ya pili walikuwa wazito kuliko wa siku ya kwanza. Ulikufa kwa sababu ulijaa. Mtu akiingia akakuta ukuta umejaa, hata kama kalamu ziko mezani zinamsubiri, macho yake yanamwambia kwamba shughuli imekwisha na yeye amechelewa. Atatazama kwa adabu, atasema hongereni, atatoka. Ndivyo tunavyofanya sote tukifika kwenye karamu sahani zikiwa zimeshakusanywa.

Ushauri wa "waacheni huru" na ule wa "msiwaache" unakosea mahali pamoja. Wote wawili wanadhani kazi ya sanaa ni kile ambacho wageni watakiacha. Katika maonyesho ya namna hii, kazi yenu nyinyi wasanii ni sharti mnalompa mgeni. Roman Ondák, msanii wa Slovakia, mwaka 2007 alitengeneza kazi ambayo mwanzo wake ni chumba cheupe kisicho na kitu. Mhudumu wa jumba la maonyesho anamsimamisha mgeni ukutani, anapiga alama ya kimo chake kwa kalamu nyeusi, anaandika jina lake na tarehe. Basi. Siku za kwanza ni alama chache zilizotapakaa. Wiki zinavyokwenda, kwa kuwa vimo vya watu wazima haviachani sana, unatokea ukanda mweusi mnene unaozunguka chumba kizima, majina yamepandana hata hayasomeki, watoto wako chini yake na warefu wachache wako juu. Kazi hiyo ilipooneshwa kwenye MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, mwaka 2009, hakuna mgeni aliyeambiwa awe huru. Aliambiwa asimame pale. Sharti lilikuwa dogo kiasi kwamba hakuna aliyeshindwa, na ndani ya udogo huo kila mtu aliingia na kimo chake ambacho si cha mwingine.

Yayoi Kusama, msanii wa Japani, alifanya jambo la ukoo huo mwaka 2002 kwa ajili ya watoto, kwenye jumba la Queensland Art Gallery huko Brisbane, Australia: chumba cha nyumbani, na meza, viti na kila kilichomo kimepakwa rangi nyeupe, kisha kila mtoto anapewa karatasi ya vibandiko vya duara vya rangi. Vibandiko vya duara tu, hakuna kingine. Angewapa rangi na brashi, kile chumba kingekuwa tope kabla ya adhuhuri. Naye Felix Gonzalez-Torres, msanii wa Marekani mzaliwa wa Cuba, mwaka 1991 alikwenda kinyume: aliweka kwenye kona lundo la peremende lenye uzito wa kilo 79 hivi, mgeni anachukua moja, lundo linapungua, na wenye jumba wanaweza kulijaza tena. Namtaja kwa sababu nyinyi mmefikiria kuongeza tu. Maonyesho yanaweza kukua kwa kupunguzwa pia, na jambo hilo ndilo litakalowaokoa upande wa ukuta.

Sasa tupige hesabu. Tuseme badala ya kuandika kwenye chokaa, kwa sababu nitakazozieleza mbele, mmeweka mbao nne za plaiwudi, zile za kawaida za futi 8 kwa 4, zimesimama wima. Upana wake wote ni mita 4.88. Mgeni mzima, mtoto na mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu kila mmoja akifikia sehemu yake, wanalienea eneo lililo kati ya sentimita 60 na 180 kutoka sakafuni. Hapo mna mita 5.86 za mraba. Kipande cha kitambaa cha kuandikia jina la kanga, ukikihesabu pamoja na nafasi inayokizunguka, kitachukua kama sentimita 10 kwa 27. Vinaingia vipande 217, havizidi. Mkifungua siku 6 kwa wiki, wiki 6 ni siku 36. Yaani ili ukuta udumu mpaka mwisho, mnaruhusiwa vipande 6 kwa siku. Usiku wa ufunguzi wakija watu 100 na nusu yao wakaandika, mmeshakula siku nane kwa jioni moja. Hicho ndicho kilichowapata mwaka jana.

Mnaweza kupunguza ukubwa wa vipande, lakini jina la kanga lisilosomeka mtu akiwa hatua mbili halina kazi. Mnaweza kuweka kikomo cha watu kwa siku, lakini mtu ametoka Bububu kwa daladala halafu mumwambie nafasi zimekwisha? Njia ninayoipenda ni kuufanya ukuta uishi wiki moja tu. Siku mnayofunga, mnashusha vipande vyote, na mnavishona ukingo kwa ukingo viwe kitambaa kimoja kirefu kinachoning'inia mwisho wa chumba. Wiki ya pili kitambaa kimeongezeka, ukuta umerudi kuwa na nafasi. Hapo uwezo wenu si vipande 6 kwa siku tena, ni 36, na hakuna neno la mtu lililotupwa. Na usiku wa ufunguzi acheni ubao mmoja tu wazi, zile tatu zifunikeni kwa kanga. Ubao mmoja unameza vipande 54. Vipande vya usiku huo vikishatundikwa na ubao ukajaa, wageni wenyewe wataanza kuuliza nyuma ya zile kanga kuna nini, na jibu ni tarehe ya kesho.

Tuje kwenye mkeka, ambao kwangu ndio moyo wa shughuli yenu. Umeandika kwamba kila mgeni aongeze ukili wake, yaani ule mkanda wa kusukwa ambao ukishonwa na wenzake unakuwa mkeka. Hapo muwe waangalifu. Ukili si kadi. Mtu ambaye hajawahi kusuka, akikaa robo saa na chane, yaani majani ya ukindu yaliyochanwa, mkononi, akielekezwa vizuri, atatoa sentimita 10 hivi. Ukimwambia amalize ukili mzima utamfunga mpaka magharibi. Kwa hiyo sharti lenu liwe hili: ukili uko tayari umeanzwa, mgeni anaupokea kwa aliyetangulia, anasuka mpaka alama iliyopo kwenye kibao cha kupimia, anamkabidhi anayefuata. Wakisuka watu 30 kwa siku, mna mita 3 za ukili. Mkeka ukiwa na upana wa mita 1.5, hizo ni kili mbili za kushona kila siku, na ukili wa upana wa sentimita 5 unawapa sentimita 10 za mkeka mpya. Mtu aliyekuja Jumanne akirudi Ijumaa ataona kwa macho yake kwamba umesogea. Baada ya siku 36 mtakuwa na mkeka wa mita 1.5 kwa mita 3.6.

Nimeandika mita 1.5 kwa makusudi. Chumba chenu kina mita 2.8, kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba hizo, ambavyo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Mkeka wa mita 2 mngeufurahia kwenye karatasi, lakini ungewaachia njia ya sentimita 80, na kiti cha magurudumu kinapita hapo kwa shida, ni rahisi kukanyaga kazi. Kwa mita 1.5 mnabaki na njia ya mita 1.3. Urefu wa mkeka utachukua mita 3.6 kati ya zile 9, na mbao zenu zitakaa kwenye mita 5.4 zilizobaki. Zinaenea.

Shida ya mkeka wa mikono mingi ni mkazo. Mkono wa mama yako mdogo unavuta chane kwa nguvu ile ile tangu asubuhi hadi jioni. Mkono wa mgeni unalegea, kisha unakaza kwa hofu, kisha unalegea tena. Ukili uliolegea ukishonwa kando ya ukili uliokazwa, mkeka hautalala. Utavimba katikati au utajikunja pembeni, na ukishavimba hakuna dawa ila kufumua. Ndiyo maana napenda watu wengi wapokezane ukili: ndani ya ukili mmoja kuna mikono kumi na tano, kulegea kwa huyu kunakutana na kukaza kwa yule. Zaidi ya hapo, kila baada ya kili mbili za wageni wekeni ukili mmoja wa wasukaji wenyewe, usiotiwa rangi, uwe uti wa mgongo. Hesabu zangu za juu zitaongezeka kwa nusu mkifanya hivyo, mkeka utafika mita 5.4 na kuingia eneo la mbao, basi ama mpunguze zamu za wageni wiki mbili za mwisho, ama mkeka uvingirishwe upande wa mwanzo wake. Mimi ningeuvingirisha. Mgeni wa wiki ya 6 akiuona mwanzo umevingirishwa kama mkeka wa kubebwa, anaelewa kwamba kuna siku nyingi ndani yake.

Kushona abaki nako mama yako mdogo na mwenzake peke yao. Kila jioni mlango ukifungwa, wao wanakaa na shazia, ile sindano ya mikeka, na uzi, wanaamua ukili gani ukae wapi, upi unyooshwe, upi urudishwe kidogo. Msiogope kwamba hapo mnawanyang'anya wageni kazi yao. Mgeni amesuka, fundi anashona. Tangu zamani kazi hii watu wamekuwa wakigawana, huyu anachuma, huyu anatia rangi, huyu anasuka. Na rangi zitumieni kama kalenda: wiki ya kwanza chane zisizo na rangi, wiki ya pili rangi moja, wiki ya tatu nyingine. Mwisho wa maonyesho mtu ataweza kuweka kidole kwenye mkeka na kusema mimi nilikuja hapa.

Wiki zenu 6 zinaingia masika, na hilo lisichukuliwe hivi hivi. Chane kavu hukatika mkononi mwa mgeni, kwa hiyo mtazilowanisha kwa kitambaa chenye maji. Lakini ukili mbichi ukishonwa jioni ile ile, katika chumba cha chini, mvua inanyesha nje, baada ya siku chache utaota ukungu mweusi ambao hautoki. Tundikeni kili za leo kwenye kamba mbele ya feni usiku kucha, zishonwe kesho jioni. Mkeka usilale sakafuni moja kwa moja. Tengenezeni kitanda cha fito kilichonyanyuka sentimita 5, hewa ipite chini. Na kwa kuwa najua mtafungua kwa udi: chetezo kikae barazani, kisiingie ndani kabisa. Ukindu mkavu uliotundikwa kwenye kamba ni kuni zilizopangwa vizuri. Pateni mtungi wa kuzimia moto, na kila mmoja wenu ajue kuutumia.

Kuhusu kuta, mwenye nyumba yuko sahihi, na mwambieni mapema kwamba mnakubaliana naye. Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wake unapumua: unyevu wa ardhini unapanda ndani ya jiwe, unatokea juu ya chokaa, unakauka na kuacha chumvi. Ukiuziba kwa rangi ya plastiki au kwa utepe, unyevu na chumvi vinabaki nyuma yake na kusukuma, na siku moja lipu inaanguka bapa zima. Msumari mmoja kwenye chokaa ya zamani unaweza kutoa kipande cha ukubwa wa kiganja.

Sasa ile kalamu ya wino mzito. Miaka mingi iliyopita, katika ukumbi mmoja wa mji wa pwani, niliruhusu wageni waandike ukutani kwa kalamu hizo. Tulipomaliza tukapaka rangi nyeupe ya maji, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila asubuhi herufi zilirudi, za waridi na zambarau, kama zimeandikwa ndani ya maziwa. Baadaye nilielewa kwa nini. Wino ule huyeyuka ndani ya rangi ikiwa bado mbichi, na maji yanavyopanda kukauka yanaupandisha nao juu. Kila mkono wa rangi unaouongeza unauita upya. Dawa yake ni kuuziba kwanza kwa rangi ya msingi ya mafuta au ya shelaki, ndipo upake ya maji. Lakini kuziba ndiko kule kule ambako ukuta wa chokaa haukutaki. Kwa hiyo katika nyumba yenu jina la kanga lililoandikwa ukutani kwa wino ni kidonda cha kudumu, na mwenye nyumba atakuwa na haki ya kuwadai.

Simamisheni mbao. Plaiwudi ya milimita 12 kwenye fremu za mbao za inchi 2 kwa 2, ubao na ubao ziungwe kwa bawaba, zisimame kwa kukunjana kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Zikikunjana hivyo hazihitaji kushikwa na ukuta. Wekeni mifuko ya mchanga kwenye miguu ya nyuma ili mtoto akiegemea zisiyumbe. Acheni walau sentimita 10 kati ya ubao na ukuta. Kwa kuandikia, badala ya karatasi itakayojikunja kwa unyevu, chukueni merikani, kile kitambaa cha pamba, mkate vipande, mpige pindo. Kalamu ijaribuni kwanza: andikeni, subirini usiku mmoja, mdondoshee maji, mtazame kama inatiririka. Kisha pigeni kamba kwenye mbao na vipande vibanwe kwa vibanio vya nguo vya mti. Selotepu itaachia siku ya pili ya mvua, gundi ya unga itawaitia mende, na pini za chuma zitaota kutu na kutia doa kwenye kitambaa.

Maneno ya watu. Hapa naomba msijidanganye, maana mmechagua jina la kanga, na jina la kanga tangu asili yake lina fumbo na lina kijembe. Mji Mkongwe watu wanajuana. Siku ya tatu atakuja mtu kumwandikia jirani yake, siku ya nne jirani atakuja kujibu. Kidogo kitanoga. Likitajwa jina la mtu, imekuwa fitina, na nyinyi ndio mtakaoitwa. Kwa hiyo sharti liwe: andika jina la kanga ambalo ungependa mtu fulani alisome, usimtaje. Vipande viingie kwenye kikapu, msimamizi avisome jioni, vitundikwe asubuhi. Na jambo hili liandikwe wazi mlangoni, kwa herufi kubwa: tunasoma kabla ya kutundika, hatutundiki jina la mtu, namba ya simu wala tusi.

Najua mnapoteza kitu hapo. Ile furaha ya mgeni kuona neno lake linapanda ukutani papo hapo inaondoka. Nimewahi kufanya kwa njia zote mbili, na katika mji mkubwa ambako watu hawajuani ningetundika papo hapo. Kwenu ningesubirisha, na nimeona watu wengi wakirudi kesho yake kulitafuta neno lao, mara nyingine na ndugu zao wawili. Ila msimamizi asije akageuka mchujaji wa ladha. Neno chungu litundikwe. Neno linalowakosoa nyinyi litundikwe mapema zaidi. Lisilotundikika lisichanwe, liwekwe kwenye bahasha, mwenyewe akija arudishiwe kwa heshima na aelezwe sababu.

Vipande vya mwanzo ndivyo vitakavyowafundisha wageni namna ya kuandika, kwa sababu watu huiga kilichotangulia. Wachoraji wenu wakitanguliza vipande kumi vyenye hati nzuri na mapambo, mwenye mwandiko wa kawaida ataona haya. Tangulizeni vipande vichache vya mikono mbalimbali: kimoja cha mtoto wa darasa la tatu, kimoja cha mzee, kimoja kimefutwa na kuandikwa upya.

Kuna dhana moja ambayo hamkuiandika lakini naisikia katika mpango wenu: kwamba kazi ya kutundika inaisha siku ya ufunguzi, na baada ya hapo chumba kitajiendesha kwa nguvu ya wageni. Kwa picha za kawaida ni kweli. Kwa maonyesho haya ufunguzi ni siku ya kwanza ya kutundika, zinabaki 35. Lazima awepo mtu kila saa ambayo mlango uko wazi, na asiwe mtu wa kukaa na simu kwenye kiti cha mlangoni. Akae mkekani na ukili mkononi. Mgeni akiingia asimuulize, "Ungependa kushiriki?" Swali hilo huwatoa watu mbio. Amwambie, "Karibu, hebu nishikie hapa kidogo." Mgeni akishashika ncha ya ukili, ameshakaa. Viatu atavivua mwenyewe bila kuambiwa, kwa kuwa ameona mkeka. Nyinyi mumwekee mahali pa kuviweka, na wazee wawekeeni kigoda, maana si kila goti linafika chini.

Zamu hizo zina gharama. Nauli na chakula cha wasimamizi kwa siku 36 kihesabiwe kabla ya kununua ubao hata mmoja. Kikundi kinachotumia fedha zote kwenye vifaa hubaki na chumba kizuri kisicho na mtu wiki ya tatu. Kama fedha ni kidogo, fungueni siku 4 kwa wiki kwa uhakika. Ni bora kuliko siku 6 za kukuta kufuli.

Mpiga picha wenu apige alama sakafuni pale mguu wa kamera unapokaa, isifutwe mpaka mwisho. Picha moja kila siku, kutoka hapo hapo, baada ya mlango kufungwa, taa zile zile zikiwaka, kwa sababu mwanga wa mchana wa masika haulingani siku mbili. Pembeni kuwe na daftari la siku: wamesuka wangapi, vimetundikwa vipande vingapi, nini kimeharibika, nani alisema nini cha kukumbukwa. Picha za nyuso za wageni ni jambo jingine. Kibao cha mlangoni kiseme kama mnapiga, na mtoto asipigwe bila mzazi wake kukubali.

Halafu swali ambalo hamkuniuliza: mkeka ni wa nani? Mtu akiingia upatu anajua kabla ya kutoa senti ya kwanza nani atapokea na lini. Na hapa ndivyo hivyo, mwisho ujulikane kabla ya mkono wa kwanza. Yoko Ono, msanii wa Japani, ambaye tangu mwaka 1996 amekuwa akiwaalika watu kufunga matakwa yao kwenye miti katika nchi nyingi, matakwa yale hukusanywa na kuhifadhiwa Iceland, kwenye mnara wa mwanga uliozinduliwa mwaka 2007. Anayefunga karatasi yake anajua inakokwenda. Nyinyi mnaweza kuutoa mkeka kwa skuli, mnaweza kuuhifadhi kikundini, mnaweza kuuza na fedha ziende kwa wasukaji. Kuukata na kugawana sikushauri, maana kingo zitafumuka na kila mtu atabaki na kipande kinachooza. Mkiamua kuuza, mgeni ajue kabla hajasuka. Akijua, wengi hawatajali, asipojua atahisi ametumika. Makubaliano ya nyinyi watano yaandikwe na mtie saini, na majina ya wasukaji wawili yaandikwe kwenye kibao kwa ukubwa ule ule wa majina ya wachoraji. Kuhusu haki za kazi yenyewe na picha zake, nendeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, mkaulize kabla ya ufunguzi.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kuwajibu kwa maandishi. Msitundike kitu chochote chenye uzito kwenye boriti mpaka fundi wa nyumba za mawe aje apande, agonge, atazame ncha zinazoingia ukutani, maana boriti huoza pale zisipoonekana. Mkiona lipu imetuna au ukuta una unyevu unaopanda zaidi ya goti, muiteni yeye huyo, na mfike Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa chochote cha nyumba. Waya za taa zikaguliwe na fundi umeme, hasa zilizopita karibu na ukuta wenye unyevu. Na kabla ya kutia saini, ombeni kuingia chumbani siku ya mvua kubwa mkakae humo saa nzima. Mtaona maji yanaingilia wapi.

Leo au kesho, lakini, fanyeni jambo dogo. Mwombeni mama mdogo akae na watu watano ambao hawajawahi kushika chane, kwa muda wa saa mbili, mmoja wenu akiwa na saa na futi kamba. Andikeni kila mmoja ametoa sentimita ngapi na kwa dakika ngapi, na ukili umekatika mara ngapi. Namba mtakayoipata iwekeni mahali pa zile sentimita 10 zangu, kisha pigeni hesabu zote upya.